Kila Kiangazi Baba Alikuwa Tayari

Leo ni Jumamosi ya tatu niko hapa uani kwangu Bondeni nikiiandaa pikipiki, na mgongo unaniambia niache. Nataka kuvuka mto Songwe niende Nkhotakota, Malawi, kuwaona watoto wa shangazi. Cheni nimebadilisha, plagi ya akiba ninayo, dumu la petroli limejaa. Nimechoka hata kabla sijawasha. Harufu ya petroli, ndugu yangu, ndiyo iliyonirudisha kijijini Makwale, barazani kwetu, nikiwa na miaka tisa hivi.

Shangazi, dada pekee wa baba, alikuwa ameolewa huko Malawi, mbali upande wa kusini. Mwaka huo wafanyabiashara wa vitenge walituletea ujumbe wake kwamba macho yanafifia. "Mwambieni kaka aje nikiwa bado naona." Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na spana.

Tangu hapo, kila kiangazi, mpunga ukishaingia ghalani, baba aliitengeneza ile pikipiki yake nyekundu. Alisafisha cheni kwa mafuta ya taa, akaziba tyubu za akiba kwa viraka na kuzijaribu kwenye beseni la maji, mimi nikitazama mapovu. Mama alishona mifuko miwili ya turubai ya kuning'inia pande zote za keria. Bibi alifunga chungu cha udongo kutoka Ikombe kwa majani makavu ya migomba, safu juu ya safu, kwa sababu shangazi hakuamini samaki aliyepikwa kwenye sufuria. Kusafiri kwa basi baba hakutaka. Alisema chungu kitavunjika, na haendi kwa dada yake mikono mitupu.

Kosa lake lilikuwa moja: pikipiki ilikuwa tayari, na kijiji kizima kilijua. Kwetu wakati huo chombo kilichojazwa mafuta hakikuwa cha mtu mmoja. Kiangazi cha kwanza jirani alifika asubuhi, akainama mlangoni kusalimia. "Mugonile, Tata. Mke wangu ameshikwa na uchungu." Petroli ya safari ikaishia barabara ya hospitali. Cha pili, mwinjilisti aliazima tairi jipya kwenda msibani, akalirudisha likiwa kipara. "Ndaga fijo," alisema kwa shukrani, na baba akamkaribisha chai! Cha tatu msiba ulikuwa jirani na shamba letu la kakao. Baba alibeba waombolezaji siku nne mpaka cheni ikakatika. Mbalaga, ndizi zilizopikwa ili baba ale njiani, tulizila wenyewe. Nilimkasirikia sana baba, na kila aliyepiga hodi nilimchukia.

Kabla ya kiangazi cha nne wafanyabiashara walirudi. "Hakuna haraka tena, mzee," walimwambia. "Macho yameshakwisha." Kesho yake baba alipanda basi na begi moja la mkononi. Jioni ya siku ya pili alikuwa kwa dada yake. Siku mbili tu, baada ya miaka mitatu ya kujiandaa.

Sasa bodaboda wamejaa kila njia panda, na hakuna anayekuja kuinama mlangoni kwangu. Petroli yangu ni yangu. Nilidhani hilo lingenifurahisha, lakini wiki tatu hizi hakuna hata jirani mmoja aliyeniuliza naenda wapi. Wala sijui baba angemjibu nini yule jirani ambaye mkewe alishikwa na uchungu, zaidi ya alivyomjibu. Nimechoka kujiuliza.

Safari ile alitusimulia mara moja tu. Alisema shangazi alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akapapasa mashavu, akapanda taratibu mpaka kwenye nywele, akauliza, "Kaka, umeshaota mvi?" Na baba, ambaye kichwa chote kilikuwa kimeshakuwa cheupe, akamwambia bado.