Kitambaa cha Harusi Juu ya Seva

Sichana Pandu alizaliwa Makunduchi, akakulia Mpendae, na kwa miaka tisa ndiye aliyezitunza kompyuta za kampuni yetu ya kupokea wageni. Naandika habari zake kwa sababu nilimharibia jina, na walionisikia ni wengi.

Seva yetu, mashine iliyohifadhi majina ya wageni, hoteli zao na saa za kushuka uwanja wa ndege, ilikaa ghorofani nyumbani kwangu hapa Kiponda, katika chumba alichokuwa akisomea marehemu mume wangu, Tahir. Sichana hakukipenda chumba kile.

"Bi Rukaiya, nyumba ya mawe hii inatoka jasho," aliniambia. "Chumvi inakula vyuma. Na umeme ukikatika mnakaa mnaangaliana."

Alitaka tukodi nafasi katika kituo cha data nje ya mji. Huko, alisema, kampuni nyingi huweka mashine zao pamoja: jenereta ya akiba ipo, ubaridi haukatiki, intaneti inaingia kwa njia mbili, walinzi hawaondoki. "Gharama mnachangia na wenzenu, lakini mashine inabaki yenu. Kabati lenu, ufunguo wenu."

"Majina ya wageni wangu yakalale nyumba ya watu?" nikamjibu. "Bado hatujafika huko."

"Basi angalau kiyoyozi kisizimwe, Bi. Hata saa moja."

"Haya, mwalimu wangu," nikamwambia, na mwanangu Sabri akacheka.

Mwezi wa Rajabu tukamsomea Tahir hitma ya mwaka, Kurani na dua za kumrehemu. Wanaume walikaa uani, chini ya dirisha la chumba kile, na kiyoyozi kikawa kinanguruma na kudondosha maji juu ya mikeka. Nikakizima. Wanawake nao wangepita ghorofani, nami sikutaka waone nyaya zimening'inia kama matumbo ya mbuzi. Nikaifunika seva kwa kitambaa changu cha harusi, cha kudarizi, nikafunga mlango ili moshi wa udi usiingie. Biriani ikapakuliwa, nikasahau.

Asubuhi seva ilikuwa imekufa. Wageni kumi na wanne walikaa uwanja wa ndege bila wa kuwapokea, na hoteli moja ya Kendwa ikapiga simu mpaka nikaizima yangu. Majirani waliokuja kuchukua masinia yao walinikuta nafoka.

"Sichana huyo," nikasema. "Mtu wa shamba, umpe mashine!"

Maneno hayo niliyasema mimi, niliyefundisha skuli miaka ishirini. Sichana alikuwa mlangoni, aliyasikia. Alipokuwa akipanda ngazi ndipo nilipokikumbuka kitambaa. Ningeweza kumwita. Nikaanza kuhesabu masinia. Aliposhuka na mkoba wake, Sabri akamwambia asirudi tena, nami nikaendelea kuhesabu masinia.

Siku ya tatu alikuja na kifurushi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

Ndani mlikuwa na kitambaa changu, kimefuliwa na kupigwa pasi, ila alama ya manjano ya joto haikutoka. Chini yake palikuwa na diski: nakala ya majina yote, aliyoiweka wiki moja kabla ya hitma.

"Sikumwonesha mtu," alisema. "Nlijua utaona haya mbele ya mwanao."

Afadhali angenitukana.

Jioni ile nilimwita Sabri na majirani walewale, nikakitandaza kitambaa mkekani, nikaeleza.

"Lakini Bi Rukaiya," akasema Mwanapili, jirani yangu wa ukuta mmoja, "hayo si ungekaa nayo tu?"

"Nshakaa nayo siku tatu."

Sasa seva yetu mpya iko kituo cha data. Mwezi uliopita umeme ulikatika mjini siku mbili, na hakuna mgeni aliyekosa gari. Sabri alimwomba Sichana arudi kazini. Alikataa kwa adabu, maana kituo kile kimemwajiri yeye. Nilipokwenda kuiangalia mashine, alinifungulia mwenyewe. Kwenye mlango wa kabati limebandikwa jina la ukoo wetu, kwa mwandiko wake, herufi zimenyooka vizuri. Nililisoma, nikashindwa kumtazama usoni.