Kosa Katika Hatua ya Nne

Siku niliyotakiwa kuwaonyesha wanahisabati wa dunia kazi yangu, niliomba stima ipotee Garissa nzima. Mimi, ambaye kila ikipotea huwa wa kwanza kulalama, nilikuwa nimekunja mikono nikiomba giza. Haikupotea. Mtandao nao, ambao hukatika hata ukituma salamu za Idi, siku hiyo ulikuwa imara kuliko nilivyowahi kuuona.

Nilikuwa nikifundisha hisabati katika shule ya upili ya wasichana, na jioni nikiandika tasnifu yangu ya topolojia. Kwa asiyeijua, ni hisabati inayouliza umbo hubaki na nini ukilivuta na kulikunja bila kulikata. Tyubu ya baiskeli uifinye utakavyo, tundu lake la katikati haliondoki. Kulikuwa na programu ya kimataifa ya utafiti katika nchi moja ya baridi. Watu wa jiometria na topolojia walikuwa wakutane huko wakae miezi mitatu, kazi yao ikiwa kufikiri tu. Nafasi moja ilitengewa mtu anayeanza. Sisi wachache tulioitwa tulitakiwa kutoa mhadhara kwa njia ya mtandao, kila mmoja siku yake, kisha wao wachague.

Baba yangu ni dalali wa ngamia. Adeer, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa amesema mbele ya watu sokoni kwamba msichana wa umri wangu anatakiwa nyumbani kwake, si Ulaya kuchora duara. Baba alimjibu hapo hapo kwamba nitakwenda, na anayebisha aje aone kwa macho yake. Wakakubali. Baba, adeer na madalali wawili wenzao waliahidi kukaa nyuma yangu katika chumba cha kompyuta cha shule, nikizungumza na ulimwengu.

Ni kwa ajili yao nilikata zile karatasi. Hawajui Kiingereza, isipokuwa adeer anayejua cha kuulizia bei, na sikutaka wakae saa nzima wakitazama mgongo wangu. Mchana huo nikachana vipande vya daftari niwatengenezee maumbo ya kushika mkononi. Nilichukua ukanda mmoja nikaugundisha ncha kwa ncha uwe kama bangili, na kwa haraka zangu nikaupindua mara moja kabla ya gundi kukamata. Nikautupa na kukata mwingine. Kisha mkono wangu ukasimama wenyewe, nikauokota ule wa kwanza.

Ukanda uliopinduliwa hivyo una upande mmoja tu. Ukipitisha kidole juu yake utaugusa wote, mbele na nyuma, bila kuvuka ukingo. Kila mwanafunzi wa topolojia anaujua kama ninavyoijua Fatiha. Na mimi, katika hatua ya nne ya uthibitisho wangu, nilikuwa nimekata uso na kuugundisha tena, nikaendelea na safari bila kujiuliza kama gundi ilipita na msokoto. Ni kosa la mtu aliyechora kwenye karatasi bapa miaka mingi hadi akaamini kila kitu kina pande mbili.

Nilikaa sakafuni. Nilijaribu kuliziba lile pengo kwa njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nilipoligusa lilizidi kupanuka. Zilikuwa zimebaki saa mbili.

Nitasema ukweli, niliwaza kuficha. Wanahisabati wana msemo wao wa kupitishia magendo: "ni rahisi kuona kwamba." Ukiutamka kwa uso mkavu, wengi huinamisha kichwa kwa kuogopa kuonekana hawajaona. Mimi ni mtoto wa mkoa wa mpakani, magendo sikufundishwa na mtu. Lakini la kuvunda halina ubani, na nilijua kati ya wasikilizaji kungekuwa na mmoja mwenye pua. Niliogopa kukamatwa, na kusema niliogopa vilevile.

Baada ya sala ya alasiri waliwasili wakinukia manukato. Adeer alikizunguka chumba, akamgeukia mwalimu wa kompyuta, ambaye ni mtu wa bara, akamuuliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, "Mwalimu, hii mtambo nabeleka sauti mbaka wabi?" Akaambiwa mpaka ng'ambo. Akaketi kiti cha mbele kabisa, mgongoni kwangu. Baba aliketi kando yake. Alikuwa amevaa shati jipya, na kulitazama shati lile kuliniumiza kuliko maswali yote.

Nyuso zikajaa kwenye kioo. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi, akanikaribisha. Nikasema kwa Kiingereza kwamba dai nililoahidi kulithibitisha, sasa sijui kama ni kweli. Nimeona kosa mchana wa leo.

Yule mama akasema niwaonyeshe mahali penyewe. Nikainua ule ukanda wa karatasi uliopinduka mbele ya kamera, nao wakaanza kunikatiza kwa maswali, mmoja hivi, mwingine vile, kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Muda uliobaki wote tulikuwa juu ya hatua ya nne. Hakuna aliyeiokoa. Nafasi sikuipata. Barua ilikuja baadaye, ya heshima na fupi, ikisema niombe tena kazi ikikamilika.

Ila siku hiyo, mwenyekiti alipofunga, wote walipiga makofi. Ndiyo desturi yao: atakayesimama mbele hupigiwa makofi hata kama kazi yake imeanguka puu. Nyuma yangu wazee wakaitikia kwa makofi yao. Adeer akasema "Maasha Allah" na kumpa baba mkono mbele ya mashahidi. Baba alikuwa akicheka, jambo asilolizoea, na tayari alikuwa ametoa simu awapigie watu wa sokoni.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Watu wa ng'ambo ningeweza kuwazima kwa kidole, baba singeweza. Ningenyamaza tu, hakuna ambaye angejua kwa majuma kadhaa. Nilisimama, nikamwambia baba kwa Kisomali, wote wakisikia.

"Aabo, usipige simu. Makofi yale si ya ushindi. Nimekosea kazi yangu, na nimewaambia nimekosea."

Adeer aliuachia mkono wa baba. Kicheko kikamtoka baba usoni kidogo kidogo, akauliza.

"Kosa aliliona nani?"

"Mimi."

"Kabla yao?"

"Kabla yao."

Akauliza kama nafasi imekwenda. Nikamwambia huenda. Aliirudisha simu mfukoni, akasema watu wa sokoni wanasubiri habari tangu asubuhi na hawezi kuwaficha, kwa hiyo tutakwenda sasa hivi kabla hawajatawanyika, na nitawaeleza mwenyewe. Nikamwambia ninaogopa.

"Mimi pia," alisema, akanishika mkono mbele ya kaka yake, tukatoka.