Sufuria ya Kumuposea Régina

Mimi ni Rosine, yaya yake Théophile, dada yake mukubwa, na nasema wazi: mudogo wangu akipenda mutu, akili inamutoka. Kazi yake ni kuyeyusha pistoni na vipande vya moteri za pikipiki zilizokufa kwenye njia ya Salamabila. Anamimina ndani ya udongo, inatoka sufuria. Hapa Kasongo, karibu kila jiko ninaloingia, sufuria yake iko. Kazi anaijua vizuri. Shida ni Régina.

Régina mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali. Aliyebaki ni shangazi yake aliyemulea, Mama Emilienne wa Kabambare, na mama huyo hataki vitu vya kununua. Alituma neno: "Fundi aniletee sufuria ya mikono yake. Nitasonga ndani bugali ya wageni, yeye akiangalia. Ikinipendeza, amuchukue binti. Isiponipendeza, arudi kwao."

Théophile alicheka kutwa. Sufuria? Mutihani gani huo! Akachagua vipande vyake kimoja kimoja, akipitisha sumaku aliyoitoa ndani ya spika ya redio. Kinachonaswa ni chuma, kinatupwa. Kinachobaki ni alumini safi. Akawasha makaa, alumini ikawa maji, akaanza kuikoroga na nondo yake ya chuma kama kila siku.

Mara Régina akapita na kikapu, eti anaenda soko. Soko iko upande mwingine kabisa! Wakasimama pale kwenye ua, cheka, cheka, cheka. Niliita, "Théo, nondo iko ndani ya moto!"

"Nakuja, yaya!"

Uongo mutupu. Aliporudi, nondo ilikuwa imeliwa, imebaki fupi kama penseli ya mwanafunzi mwisho wa mwaka.

"Na kile chuma kimekwenda wapi?" nilimuuliza.

Alimimina, akangoja ipoe, akapitisha sumaku juu, ndani, chini, pembeni. Haikunasa popote. Akaitia sufuria kichwani, akacheza ua muzima. "Umeona, yaya? Safi! Chuma hakuna!" Basi, sumaku imesema, mimi ni nani?

Siku ikafika. Mama Emilienne alitoka Kabambare nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akatupokea kwa kaka yake Régina hapa hapa muji. Maji yakachemka, unga ukaingia, bugali ikashika. Mama akasukuma mwiko kwa mikono miwili. Kraa! Upande muzima wa sufuria ukaanguka, bugali ikalala ndani ya majivu. Jamani, uso wa mudogo wangu! Nilitaka kumubeba mugongoni, nimurudishe nyumbani.

Muzee Yakubu, aliyemufundisha kazi na tuliyekuja naye kama musemaji wetu, aliokota kipande, akaangalia pale kilipovunjika. "Unaona hivi vijisindano? Ni chuma. Alumini ya moto ilikula nondo yako."

"Lakini sumaku haikunasa kitu, Muzee!"

"Haiwezi. Chuma kikiisha kuyeyuka ndani ya alumini nyingi, sumaku haikijui tena. Lakini kiko ndani, na sufuria inakuwa ngumu ya bule, ikisukumwa inapasuka. Kukitoa haiwezekani. Unaongeza alumini safi, nyingi, kipungue nguvu."

Mama Emilienne akauliza, "Nondo ilifanya nini ndani ya moto muda wote huo?"

Théophile akaangalia vidole vya miguu yake. Régina akapiga magoti. "Ni mimi, shangazi. Nilimushika na maneno. Tulikuwa tunacheka."

"Munacheka nini?"

"Sijui tena."

Ee Mungu wangu, wakaanza kucheka tena! Na ile hofu yote, machozi yanatoka, hawawezi kunyamaza, na mimi mushenzi nikawafuata, na Muzee Yakubu naye akageuka ukutani, mabega yanatetemeka.

Mama Emilienne hakucheka. Alifungua furushi lake, akatoa sufuria nzee, nyeusi chini, imebonyea pande zote.

"Nilikuja nayo maana sikukuamini, fundi," alisema. "Ndani yake nilimupikia huyu binti uji wa kwanza, wiki tuliyomuzika mama yake." Akamuwekea Théophile mikononi. "Hii ni alumini safi. Leo tule bugali yake ya mwisho. Kesho uiyeyushe pamoja na ile yako."