Boga la Uchagani

Nilipopanda kwetu Lushoto nikiwa nimeacha kula nyama, maziwa na mayai, mama hakubishana nami. Aliwaambia tu majirani kwamba nina vidonda vya tumbo. Ugonjwa unaeleweka, mtu mzima kukataa kwa hiari maziwa ya ng'ombe anayemwona dirishani hakueleweki. Nikawa napewa pole kuanzia mlangoni hadi sokoni, na kila pole ilinikera. Nikaamua kumwokea mama keki ndogo za boga, zisizo na yai wala tone la maziwa, azile na chai ya asubuhi, akiri kwa mdomo wake kwamba mwanawe ni mzima.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa taifa. Nilikuwa nimezungukia Muheza, nje ya njia kabisa, kwa ajili ya nazi na mdalasini, kana kwamba Lushoto hakuna duka. Ndizi mbivu za kushika unga badala ya yai nilizikuta nyumbani. Maelekezo yalikuwa kwenye simu, na mpishi wake, dada mmoja mwenye kucha ndefu safi, alisisitiza boga liwe limekomaa na kukauka.

Mama alikuwa ameniambia maboga yapo nyuma ya mlango, nichukue nitakalo. Asubuhi hiyo ya ukungu niliyabonyeza, nikayaona mabichi mno. Kisha nikainua macho. Juu ya jiko la kuni, kwenye uchaga, kando ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, lilikaa boga moja jeusi kwa masizi, gumu, limekauka kama alivyotaka yule dada. Nikapanda juu ya kigoda nikalishusha.

Hapa naomba ieleweke kwamba nimezaliwa katika nyumba hiyo. Mtoto yeyote wa milima hii anajua kwamba kinachokaa juu ya moshi si chakula, ni mbegu, na imewekwa huko isiliwe na wadudu mpaka mvua zije. Mimi mwenyewe nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa namsikiliza dada mwenye kucha.

Nilifanya kazi nzuri, nijisifu. Mbegu nilizikaanga kwa chumvi, nikazibandika juu ya kila keki kwa madoido. Utumbo wa boga niliwamwagia kuku. Nikaweka mchanga ndani ya sufuria, nikapanga vikombe vya keki, nikafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Harufu ya mdalasini ilipotoka nilianza kuimba.

Mama akaja kutoka kukamua, akanawa, akaketi, akachukua keki. Hakuing'ata. Alizitazama mbegu za juu, halafu akautazama uchaga.

"Umelishusha wewe?"

"Lilikuwa limekauka vizuri, mama," nikasema, na hapo hapo nikausikia upuuzi wangu.

Alisema kwa Kishambaa maneno ambayo huwa anawaambia mbuzi wakiingia kwenye maharage. Kisha akasema taratibu, "Ile ni mbegu ya bibi yako. Nyingine sina."

Nikatoka mbio. Mimi niliyeacha mayai kwa kumwonea kuku huruma nilipiga magoti kwenye tope, nikigombania utumbo wa boga na tetea mmoja, mpaka nikamrushia kandambili. Nilichokipata ni nyuzi tupu.

"Nenda kwa shangazi yako pale chini," mama aliniambia niliporudi na magoti machafu. "Nilimpa za kupanda mwaka juzi. Na usiombe ukiwa umesimama."

Kwetu mbegu haiombwi mlangoni. Unaamkia, unakaa, unakula unachopewa hadi kiishe, ndipo unasema kilichokuleta. Nilikuwa nalijua hilo pia, na njia nzima niliomba shangazi awe amechemsha viazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na vidonda."

Akaniwekea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, utando umetanda juu, na yai la kuchemsha. "Maziwa yanatuliza tumbo," akasema, akakaa mbele yangu kuhakikisha. Ningeweza kumweleza msimamo wangu. Nilifikiria mbegu ya bibi, nikanywa. Nikamenya yai nikalila lote. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo nikamweleza. Shangazi alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Kisha akaingia ndani, akatoka na mbegu kwenye kipande cha gazeti.

Nyumbani nilimkuta mama peke yake, sahani ya keki mbele yake imepungua sana. Alikuwa amezibandua zile mbegu za juu na kuzikusanya kwenye kisosi, moja baada ya nyingine, ingawa zilikuwa zimekaangwa na zina chumvi. Kuziona vile kulinitoa machozi.

Alifungua gazeti, akazigawa mbegu mafungu mawili. Moja akaliweka kando. Lingine akalifunga kwenye kitambaa akanipa.

"Hizi zako," alisema. "Boga lile nilikuwekea wewe, tangu uliponipigia simu kwamba nyama huli tena. Nikasema, basi huko mjini apande boga la nyumbani."

Nilikuwa nimesafiri kote huko kuja kumshawishi mtu ambaye alishanikubali kwa simu. Nilikifunga kile kitambaa fundo la pili, nikakitia mfukoni.

"Tumbo linaendeleaje?" akauliza, akinyoosha mkono kuchukua keki nyingine.

"Limetulia, mama."