Homa Niliyoambiwa Nisiikiri

Nakumbuka Jumapili moja niliposimama mbele ya kanisa zima, nimevaa koti la baba, nikatangaza kwamba nimepona, huku meno yangu yakigongana kwa homa. Watu walipiga vigelegele. Mama alilia kwa furaha. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza ili nisianguke, na nilichokuwa nakiogopa, mwanangu, hakikuwa kufa. Nilikuwa naogopa kukosea maneno ya ushuhuda.

Nakuita mwanangu, na huenda wewe unayesoma umenizidi umri. Univumilie. Sijafika miaka thelathini, lakini nilipewa jina la babu yangu, Mwita, na kwetu Mbalibali mtoto aliyechukua jina la babu huitwa baba na wazazi wake mwenyewe. Bibi yangu, mjane wa babu huyo, huniita mume wake, na hunidai sukari kama mke anayejua haki zake. Basi uzee wangu ni wa kupewa. Saratani nayo iliniongezea mwingine ambao sikuuomba.

Nilikuwa nina kibanda cha kutengeneza simu Nyamisangura, mjini Tarime. Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Nilinunua simu mbovu, nikazifungua, nikaziharibu, nikajua. Mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia, "Hapo inatosha." Nilikuwa naweza kufunga simu ya mteja, inaita, inapokea, halafu naifungua tena kwa wasiwasi kwamba kuna kitu sikukibana vizuri. Moyo huohuo nikaupeleka kwenye ugonjwa, na huohuo nikaupeleka kwenye maombi. Nilitaka kuwa mgonjwa asiye na kosa na mwamini asiye na kosa. Hakuna kitu cha hatari kama hicho.

Uvimbe ulianza shingoni. Hospitalini Mwanza wakakata kipande kidogo, wakapima, wakasema ni saratani ya tezi, na kwamba inatibika kama nitazimaliza dawa zote. Nikawa natundikiwa dripu Mwanza, narudi nyumbani Mbalibali kupumzika, kisha nakwenda tena. Kabla ya kuniruhusu mara ya kwanza, muuguzi mmoja alivuta kiti akakaa mbele yangu na mama.

"Mwita, dawa hii inaua wabaya na wazuri. Ukifika nyumbani mwili wako hauna askari. Ukipata homa, hata ndogo, usimeze vidonge ukalala, usiseme tuone kesho. Hospitali ya karibu, siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Rudia."

Nikarudia neno kwa neno. Mama akanunua kipimajoto hukohuko mjini, akakifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai.

Usidhani nakuja kuitukana imani ya nyumbani kwetu. Baba alikuwa anapiga magoti zizini kabla ya kufungulia ng'ombe. Mama alifunga mpaka sketi zikamlegea kiunoni. Tulipokuwa Mwanza, wanawake wa kanisa walipalilia shamba letu la mahindi bila kuitwa, wakaondoka bila kunywa hata uji. Hiyo ni imani, nami niliila na kuivaa. Ninachokikasirikia ni kingine kilichoingia kwa mlango uleule, kimevaa tai.

Mwinjilisti wetu alikuja kutuombea, tai yake shingoni, akakiona kipimajoto mezani. Akakinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota konokono.

"Mama Mwita, hiki mnapimia nini? Imani?"

Mama akacheka kwa aibu. "Ni sista wa Mwanza alisema, Mwinjilisti."

"Sista wa Mwanza amesema. Na Mungu amesema nini? Anayepima anatafuta. Anayetafuta ugonjwa ataupata."

Kipimajoto kikaenda kabatini, chini ya vitambaa vya meza. Tangu siku hiyo tukapewa sheria. Neno saratani lisitajwe. Mtu asiseme anaumwa, kwa sababu kusema ni kukiri, na kukiri ni kuukaribisha ugonjwa ndani. Mgeni akiniuliza naendeleaje, nijibu, "Nimepona." Nikitapika, tuseme sumu inatoka. Nywele zilipoanguka, tulisema Mungu ananipa mpya. Nami, kwa ule ugonjwa wangu wa kutotaka makosa, nikawa mlinzi mkali kuliko wote. Dada yangu mdogo alisema siku moja, "Kaka anaumwa mdomo, hawezi kula ugali," nikamkemea mimi, mwenye vidonda mdomoni.

Baba naye aliongeza la kwake, tena kwa upendo. "Mura wangu," aliniambia, kwa lile neno letu la kumwita kijana aliyekwisha kutahiriwa, "ulisimama mbele ya kisu, jicho halikupepesa. Utashindwa na sindano?" Kwetu kijana hutahiriwa amesimama, macho wazi, ukoo wote unamtazama, na akikunja uso aibu ni ya ukoo mzima. Mimi nilisimama vizuri. Watu bado wanasimulia. Basi kanisa liliniambia nisikiri, ukoo ukaniambia nisikunje uso, na yote mawili yakakutana mdomoni mwangu yakaufunga.

Sote tulijua kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tuliimba shuleni tungali na kamasi. Lakini tulidhani mficha maradhi ni yule mwenye ugonjwa wa aibu, anayejificha porini. Hatukujua kwamba unaweza kuyaficha ukiwa mbele ya watu mia, umeshika kipaza sauti.

Homa ilinianza Jumamosi mchana. Nilikuwa nimekaa juani kando ya zizi, nimevaa sweta, na bado natetemeka. Nilijua. Sauti ya sista ilikuwa masikioni kama mtu ameniinamia. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ushuhuda wangu. Mwinjilisti alikwisha kutangaza kwamba Mwita atasimama kusema alivyopona, ingawa dawa zilikuwa hazijaisha. Wageni walikuwa wanatoka Kisaka. Mjomba Chacha, kaka yake mama, alikuwa anavuka mpaka kutoka Isebania kwa pikipiki. Mama alikwisha kuchagua kuku. Nikajiambia kwamba nikisema nina homa, wote waliofunga watakuwa wamefunga bure kwa sababu yangu. Nikanyamaza. Nikakariri ushuhuda.

Na kweli sikukosea hata neno. Nilipomaliza nikawa nateremka kurudi kwenye benchi. Bibi alikuwa amekaa mbele. Si mtu wa kanisani sana, ana mambo yake ya zamani na Mungu ambayo hamwambii mchungaji, ila siku hiyo alisema amekuja kumsikia mume wake akihutubia. Akanikamata mkono.

"Mume wangu, mkono huu umetoka kuota moto?"

"Niko salama, Bibi."

"Sijauliza kama uko salama. Nimeuliza moto huu umetoka wapi."

Watu wakacheka. Mwinjilisti akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole wa kutabasamu, "Bibi yetu, tusimvunjie kijana imani."

Bibi akasimama, bado amenishika. "Imani inayovunjwa na kiganja cha bibi kizee, mliifinyanga kwa udongo gani?"

"Bibi, kaa chini kwa jina la Yesu."

"Usinikalishe kwa jina hilo. Huyo Yesu alipoumia alilia kwa sauti, watu wanasikia, na hakuna aliyemwambia amekosa imani. Mtoto huyu anaungua." Akageuka kumtafuta baba. "Wewe Marwa! Unasubiri nikuchape mbele ya wageni?"

Baba alisimama lakini miguu yake haikwenda popote. Alikuwa anamtazama Mwinjilisti, kisha mimi, kisha Mwinjilisti. Mwanangu, nimewahi kumwona baba akimkabili fisi zizini kwa fimbo tu. Siku hiyo alishindwa kuikabili tai. Mjomba Chacha ndiye aliyepita katikati ya mabenchi, kofia ya pikipiki mkononi. "Mimi niko na mafuta. Twende hospitali saa hii, hizi stori zingine mtamalizia hapa." Nikawekwa katikati, Mjomba mbele, baba nyuma amenikumbatia, tukaenda hospitali ya Mugumu.

Mengi ya hapo siyakumbuki. Nakumbuka daktari akimwambia baba kwamba kama tungengoja mpaka jioni asingekuwa na la kunifanyia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kuisema kauli hiyo.

Nilipoanza kujitambua vizuri, Mwinjilisti alikuja kuniona. Akasimama miguuni pa kitanda, Bibi amekaa kwenye kigoda pembeni, akasema bila haya kwamba homa ile iliingia kwa mlango wa mashaka, na kwamba kuna mtu aliufungua mlango huo kanisani mbele ya wote.

Nilikuwa na nguvu ya sentensi chache tu, nikazitumia hapo. "Mwinjilisti, homa ilianza Jumamosi. Bibi alinishika mkono Jumapili."

"Utulie, kijana. Bado wewe ni mgonjwa."

Mgonjwa! Kumbe neno hilo lilikuwepo mdomoni mwake muda wote. Lilikuwa haramu kwangu nilipolihitaji, likawa halali kwake alipotaka kuninyamazisha. Hasira ile haijaniisha mpaka leo, na sitaki iniishe. Mtu huyu hakulala hata siku moja kwenye sakafu ya wodi kama mama. Hakushika beseni. Hajawahi kuombwa aseme amepona huku mifupa inamwaka. Lakini ndiye aliyekuwa na kauli juu ya kipimajoto chetu. Na kama ningekufa, angenizika kwa mahubiri mazuri na kusema imani yangu ilikuwa haba.

Alipoondoka nilimtazama Bibi nikingoja kusifiwa. Hakunisifu.

"Na wewe usijione. Baba yako kila siku kisu, kisu. Kisu kilichukua muda gani?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Mate hayajakauka kimekwisha kupita. Baada ya hapo mlikaa ndani na wenzako mnauguza. Kila asubuhi nani alikuwa anatazama kidonda chako?"

"Baba mdogo."

"Mlikuwa mnaambiwa mfiche?"

"Hapana. Tulikuwa tunaambiwa tuseme kama kimevimba."

"Na yule mtoto wa jirani aliyeficha?"

Kila mtu kwetu anamjua huyo. Alitolewa amebebwa.

"Basi mmeiba nusu ya mila, mkaiacha nusu yenye akili," alisema, na sasa alikuwa anamtazama baba, aliyekuwa ameingia na chupa ya chai akasimama mlangoni. "Kunyamaza ni kwa wakati wa kisu. Kidonda husemwa. Wazee wenu hawakuwa wajinga."

Baba akaweka chupa chini. Akapiga magoti pale kando ya kitanda, wagonjwa wengine wanaona. Maombi yake siku zote yalikuwa kama amri anazompa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, toka, ondoka, shindwa. Safari hii alisema tu, "Mungu, mtoto wangu anaumwa saratani. Naogopa." Hakuongeza kitu. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa na mtu wa nyumba yetu, na hakuna paa lililoanguka. Mama, aliyekuwa anakunja mkeka wake sakafuni, akaitikia amina, akaja karibu, akaniuliza jambo ambalo miezi yote ile hakuna wa nyumbani aliyewahi kuniuliza.

"Baba, unaumwa wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na mdomo nikaenda mpaka nyayo. Nilichukua muda mrefu, nikalia pia, uso nikaukunja wote, na hakunikatiza.

Nilirudi Mwanza nikamaliza dawa. Sasa naitwa kupimwa kila baada ya muda, na kila safari naogopa, na kila safari nawaambia kwamba naogopa, kisha tunaomba. Sijasimama tena kutoa ushuhuda. Nikiombwa, nasema nilivyo siku hiyo.

Sasa sikia, mwanangu. Ukiugua, sema. Sema kwa daktari, sema kwa mama yako, na kama una Mungu, mwambie hivyohivyo ulivyo, kwa maana hukumficha hata ulipodhani umemficha. Homa haisomi imani ya mtu kabla ya kuingia. Usijitahidi kuwa mgonjwa mzuri wa kuwafurahisha wageni. Mwili wako si kibanda cha kuonyeshea. Na ukiwa wewe ndiye unayeuguza, funga, kesha, piga magoti, lakini kipimajoto kiache mezani, na dawa zipeleke mpaka ya mwisho. Yeyote atakayekuambia uchague kati ya maombi na matibabu, muulize kwa heshima yeye amelala wodini mara ngapi, kisha mwonyeshe mlango, hata kama amevaa tai, hata kama ni mkubwa wako. Adabu haikudai uhai. Mila nayo ukiichukua, ichukue nzima.

Mungu wa baba yangu aliyepiga magoti wodini akulinde. Akupe ulimi usiouonea aibu mwili wako. Na siku utakapoumwa, kwa maana itakuja, akuzungushie watu watakaokuuliza unaumwa wapi, wakakaa chini kusikia jibu lote.