Picha ya Mwezi Iliyoangusha Mgrevilea

Mwanangu, kabla sijaanza nitenge mambo mawili. Habari za picha, mti na safari ya kupanda kilima niliziona mwenyewe, na kwa sehemu kubwa nilizisababisha. Mengine niliyasikia kwa watu. Nikiyafikia nitakwambia kuwa ni ya kusikia, nawe uyapime utakavyo.

Nakumbuka Jumapili moja, mwaka juzi, nilipokuwa bado kijana wa miaka sitini na moja. Usicheke. Baba mkwe wangu, Mzee Elisaria wa Akheri, anakaribia tisini. Mbele yake mimi ni kijana, na siku hiyo nilitenda ya ujana.

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa jiografia, nikanunua darubini ya kutazamia nyota. Nyumbani kwangu migomba imefunika anga yote. Mahali pekee palipokuwa wazi upande wa magharibi ni kipande cha shamba la mzee, ambacho alikwisha kukitenga kwa miche ya parachichi. Nilimwomba akiache, ili mimi na wanafunzi wa jirani tupate pa kuitazamia mbingu.

Hakukataa. Alisema, "Mwalimu, parachichi nitazila. Hizo nyota zako nitazifanyia nini? Niletee picha ya hicho unachokitazama, ndipo niamue."

Jumatano, yapata saa moja na nusu jioni, nilisimika darubini katika kipande hicho, nikashikiza simu kwenye lenzi na kuupiga picha mwezi mchanga ukielekea kuzama. Chini yake ilitokeza ncha ya mti, ule mgrevilea wa mbao ulio juu ya kilima, kwenye mpaka wa shamba la mzee na la mdogo wake. Picha ilikuwa safi. Darubini yangu hupindua vitu juu chini, kwa hiyo niliigeuza picha irudi ilivyo. Hilo ni halali. Kosa lilifuata. Niliona mwezi umelala chali, pembe zake mbili zikitazama juu, ilhali katika vitabu nilivyofundishia miaka yote umechorwa umesimama wima. Nikaamini kwamba aliyekosea ni mimi. Nikaigeuza tena, robo duara, mwezi ukasimama kama wa kitabuni. Nikaipeleka studio mjini Arusha, ikachapishwa na kutiwa fremu ya kioo. Mti sikuukumbuka kabisa.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Lete."

Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. "Ulipiga lini hii?"

"Jumatano, baba."

"Yaani mgrevilea wangu umeanguka tangu Jumatano, na nyumba nzima hii hakuna wa kuniambia?"

Niliinama kutazama. Kweli, mti ulitokea ukingo wa kulia wa picha, umelala.

"Tena umelalia kushoto! Kushoto ni kwa mdogo wangu. Yule saa hizi ameshaupasua mbao. Nileteeni buti!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua kinywa, nikasema, "Baba, huko kuna matope."

Tukaondoka, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na fremu kifuani kama mtu aliyebeba picha ya marehemu. Wajukuu walikwisha kutangulia na habari. Njiani tulikutana na Mama Anna, muuza maziwa.

"Poleni na mti, mzee. Mimi niliusikia ukianguka! Alfajiri, kishindo, hata ng'ombe akagoma kukamuliwa."

Hatua chache mbele kijana mmoja alitufuata na chenso, msumeno wa mashine, begani. "Babu, tukate nusu kwa nusu?"

"Nusu ya nini, wewe? Maiti hatujaiona, unagawa nguo?"

Tulipofika juu tulikuwa watu kumi na mmoja. Mgrevilea ulikuwa umesimama, na kunguru juu yake. Mdogo wa mzee alikuwa chini yake akifunga mbuzi. Alitutazama sote, akavua kofia. "Kaka, kuna msiba?"

Mama Anna akasema, "Basi niliousikia ni mwingine."

Mzee alinyoosha mkono, nikampa fremu. Akaigeuza taratibu mpaka mti wa kwenye picha ukasimama kama ule uliokuwa mbele yetu. Mwezi nao ukalala chali.

"Ehe. Mwalimu, nani alikwambia mwezi wetu umekosea?"

"Kitabu, baba."

"Aliyekichora alisimama wapi?"

Nimefundisha maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza.

"Mimi nimeutazama tangu nachunga mbuzi, hulala hivi hivi. Kama huniamini mimi, basi ungeiamini hiyo mashine uliyoinunua kwa kiinua mgongo."

Baadaye nilikaa nikalifikiri vizuri. Aliye mbali kaskazini huuona umesimama. Sisi tulio jirani na ikweta huuona umelala. Kila mmoja ni mkweli mahali pake. Na ikweta, mwanangu, nilikuwa nikiifundisha mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipiga picha ya anga, ikapingana na ulichosoma, usikimbilie kuirekebisha. Andika saa, mahali na upande uliotazama, kisha rudi jioni nyingine uangalie upya. Na ukigundua umekosea, sema ungali kitini, kabla watu hawajavaa buti. Maana kila hatua niliyonyamaza ilinizalishia shahidi mwingine wa jambo ambalo halikutokea. Mungu akupe macho yasiyoogopa kitabu na ulimi usiochelewa, akuondolee mawingu ya Meru kila ukitoka na darubini yako.

Utaniuliza habari ya kile kipande cha shamba. Mama mkwe anasema mzee alicheka peke yake kitandani mpaka usingizi ukampitia, sikuwepo. Wengine wanasema miche ilipungua, sikuihesabu. Niliyoyaona ni haya. Wiki iliyofuata alinikabidhi jembe, nikachimba mashimo ya parachichi yeye akisimamia, mstari kwa mstari. Tulipofika katikati alichora duara ardhini kwa fimbo, akasema, "Hapa usichimbe." Jana jioni nilisimika darubini humo. Miguu yake yote mitatu ilienea ndani ya duara, na parachichi zilikuwa zimenifika kifuani.