Mkubwa Aanze

Shangazi yangu ana duka la huduma za kompyuta pale Mtendeni, na nilipomaliza chuo nilikuwa namsaidia huku nikisubiri ajira. Asubuhi moja akaniambia, "Msomi, mashine zangu zimejaa. Vivinjari viwili vya kufungulia intaneti vya nini? Pima, kinachochelewa ukifute leo."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akitoka Urambo kuja kuzungumza kwa video na binti yake aliyeko ng'ambo, alikijua kivinjari cha zamani peke yake. Tulimfundisha kwa taabu. Nikikifuta kwa makosa, nitakuwa nimemfungia mlango wa kumwona mwanawe.

Nikapima. Niliwasha kompyuta, nikafungua ukurasa uleule kwenye kila kimoja, simu mkononi ikihesabu sekunde. Cha zamani kikachelewa. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Kikachelewa tena.

"Basi, futa," akasema shangazi.

"Subiri kidogo, shangazi."

"Unasubiri nini, kijitetee?"

Nilishuku kidole changu, nikashuku simu, nikamshuku hata mteja aliyekuwa akipakua video kwenye mashine ya pili. Alipoondoka nikarudia, hali ikawa ileile. Ndipo nikaanza kuitazama mikono yangu. Kila mara ilianza na cha zamani. Sikupanga hivyo. Kwetu Igalula maji ya kunawa huanzia kwa mkubwa, na mkono wangu ulikuwa umempa mkubwa nafasi yake. Kumbe nilikuwa namkimbiza mkubwa huyo wakati kompyuta ndiyo kwanza imewashwa, bado inahangaika kuamka. Mdogo, yaani kile kipya, anafuata mambo yakiwa yametulia.

Nikageuza, mdogo akatangulia. Safari hii akachelewa yeye. Nikaiacha mashine itulie kwanza, nikavipima kwa zamu, na tofauti ikawa ndogo mno; huenda ilitoka kwenye kidole changu tu.

Shangazi alicheka mpaka akaketi. "Kwa hiyo adabu zako ndizo zilitaka kumponza mzee wa watu?"

"Vibaki vyote, shangazi. Kilichojaza mashine ni tamthilia zako."

Tukazifuta, yeye akinung'unika kwa kila moja.

Mwalimu alipokuja nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ile alama yangu ipo?"

"Ipo palepale."

Akabonyeza. Nami, simu ikiwa mfukoni, nikajikuta nahesabu kimyakimya mpaka uso wa binti yake ulipotokea.